Tulibatizwa, Tukafunga Ndoa: Je, Wokovu Waweza Kupotea?



Liko swali ambalo halikosi kuzuka katika nyumba zetu, hasa pale ambapo mmoja wa jamaa anasali katika kanisa lingine, au jirani anapotualika jioni kwenye mkutano wa injili. Swali lenyewe ni hili: mtu akishaokoka, je, aweza kuupoteza wokovu wake? Wako wanaofundisha kwamba aliyempokea Yesu kwa kweli hawezi kupotea tena kamwe. Wengine, na sisi Wakatoliki tukiwa miongoni mwao, husema kwamba aliyesimama aweza kuanguka. Watu hubishana mpaka chai ikapoa mezani.

Msidhani, wapendwa, kwamba swali hili ni la mapadre na makatekista peke yao. Ni swali la ndoa. Mume aliye na mwanamke wa kando mjini, na kila Jumapili anapanga foleni ya Komunyo nyuma ya mkewe, amekwisha kulijibu kwa mwenendo wake: anaona hakuna kitakachopotea. Mke aliyekataa kwa miaka sita kumsamehe mumewe, ingawa mume ametubu na kubadilika, naye amelijibu vivyo hivyo. Na yuko mwingine, mume au mke mnyofu, ambaye kila akimkaripia mwenzake kwa hasira hulala akitetemeka, akidhani Mungu amekwisha kumtupa. Huyu naye ana jibu lake, nalo pia lina kasoro. Kwa ajili ya watu hawa watatu, hebu tulitazame jambo hili pamoja.

Kanisa lafundisha nini?

Jibu la Kanisa ni wazi. Neema ya utakaso, ambayo tulipewa bure siku ya Ubatizo wetu, yaweza kupotea, nayo hupotea kwa dhambi ya mauti. Mtaguso wa Trento ulitamka hivyo tarehe 13 Januari 1547. Mababa wa Mtaguso walieleza kwamba mtu haipotezi neema kwa kuikana imani tu. Aipoteza pia kwa dhambi nyingine yoyote ya mauti, hata kama imani yenyewe ingali ndani yake.

Tafadhali lisome tena neno hilo polepole. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuwa bado anaamini, anasali Rozari, anatoa zaka, hata anaongoza Jumuiya Ndogo ya Kikristo, na huku uhai wa Mungu umekwisha kuzimika moyoni mwake. Kuamini ni mwanzo mwema, lakini imani isiyo na upendo ni kama jiko la makaa lililozimika: jiko lipo, makaa yapo, ila haliwezi kuivisha chakula.

Mtaguso huohuo ulisema na neno la pili, ambalo wengi hulisahau: aliyeipoteza neema aweza kuirudishiwa kwa Sakramenti ya Kitubio. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yarudia mafundisho hayo yote mawili. Dhambi ya mauti huua upendo moyoni, na isipotubiwa na kusamehewa, humtenga mtu na Ufalme wa Kristo hata milele, kwa maana Mungu ametupa uhuru ulio wa kweli. Lakini Katekisimu yaongeza kwamba hukumu juu ya nafsi ya mtu ni ya Mungu peke yake. Twaweza kusema kwamba tendo fulani ni baya mno. Kusema kwamba fulani amekwisha kupotea, hilo halijapewa mwanadamu yeyote, hata awe mkewe wa miaka thelathini.

Na ndugu zetu wa makanisa mengine tusiwadhihaki. Wafuasi wa John Calvin, katika sinodi iliyokutana Dordrecht, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, walishika kwamba walioteuliwa na Mungu atawalinda hadi mwisho. Hata hivyo hawakuwapa watu ruhusa ya kuishi wapendavyo. Walishika kwamba matendo mema ndiyo matunda ya wokovu wa kweli. John Wesley, ambaye jirani zetu Wamethodisti wanamtazama kama baba yao, alifundisha kwamba mwamini aweza kuanguka kutoka katika neema. Nao ndugu wa ule Uamsho uliozuka Gahini, Rwanda, na kuenea hadi Kenya katika miaka ya 1930, walizoeana kuungama makosa yao mbele ya wenzao mara kwa mara, wala hawakuridhika na toba ya siku moja. Kwa hiyo yule anayesema, "Mimi niliokoka zamani, sasa nifanye nitakalo," hataungwa mkono na yeyote kati ya hao.

Maandiko Matakatifu yasemaje?

Katika Injili ya Yohane, sura ya 15, Bwana wetu ajifananisha na mzabibu, nasi matawi. Angalieni kwamba lile tawi linalokatwa na kukauka lilikuwa ndani ya mzabibu. Halikuwa tawi la mti mwingine. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, asema kwamba mwenye haki akiiacha haki yake na kushika uovu, haki yake ya zamani haitamwokoa. Na papo hapo asema kwamba mwovu akiuacha uovu wake, ataishi. Mtume Paulo mwenyewe, aliyekuwa ameianzisha jumuiya ya Korintho, awaandikia Wakorintho kwamba autiisha mwili wake asije yeye, baada ya kuwahubiria wengine, akakataliwa. Ikiwa Paulo alijichunga namna hiyo, sisi ni nani?

Lakini kwa wana ndoa hakuna fundisho linalogusa kama mfano wa mtumishi asiyesamehe, katika Mathayo 18. Yule mtumishi alikuwa na deni la talanta elfu kumi. Talanta moja ilikadiriwa kuwa dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Fanyeni hesabu: ni mishahara ya zaidi ya miaka 160,000! Bwana wake akamsamehe lote. Alipotoka nje akakutana na mwenzake aliyekuwa na deni lake la dinari mia moja, yaani ujira wa miezi mitatu hivi, akamkaba koo. Bwana wake aliposikia, ule msamaha ukaondolewa.

Je, msamaha ule haukuwa wa kweli? Ulikuwa wa kweli kabisa. Deni lilifutwa, mtu alitoka huru. Alichokipata aliweza kukipoteza, na alikipotezea mlangoni, kwa jinsi alivyomtendea mtu wa karibu naye. Mume wangu na mke wangu, mtu wako wa karibu ni nani, kama si huyu unayelala naye kitanda kimoja?

Lakini hakuna awezaye kututenga na Mungu, sivyo?

Ndivyo. Paulo, katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi, ahesabu mauti na uhai, malaika na wenye mamlaka, ya sasa na yajayo, kisha asema kwamba hakuna kiumbe kiwezacho kututenga na upendo wa Mungu. Na Bwana Yesu asema kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo wake mkononi mwake. Maneno haya ni ya kweli, tena ni faraja kubwa. Hakuna uchawi, hakuna laana ya ukoo, hakuna ugonjwa wala umaskini uwezao kukunyang'anya wokovu wako.

Basi mafundisho haya mawili yapatana vipi? Wana ndoa wanaweza kulielewa jambo hili upesi kuliko wanafunzi wa seminari. Fikirini juu ya mke ambaye mumewe amehama nyumbani. Jioni bado anamwekea chakula. Bado anawaambia watoto waseme vizuri juu ya baba yao. Upendo wa mke huyo haujafa, hakuna aliyeupokonya. Lakini je, mume yuko nyumbani? Hayuko. Anapendwa, naye hayuko. Chakula kipo mezani, naye analala na njaa kwingine.

Hivyo ndivyo mtu anavyoupoteza wokovu. Mungu hachoki kupenda wala hamfukuzi mtu. Anayeishi katika uasi na kuukubali uasi huo amehama mwenyewe. Anapendwa hadi pumzi yake ya mwisho, lakini hayuko nyumbani, na kifo kikimkuta huko nje kwa hiari yake, atabaki huko alikokuchagua.

Hakuna anayehama kwa siku moja

Mfalme Sulemani alipewa hekima kuliko wote, akalijenga Hekalu. Lakini Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 11, chaeleza kwamba alipozeeka moyo wake uligeuzwa na wake zake wengi, hata akaiendea miungu mingine. Hakulibomoa Hekalu. Aliongeza tu madhabahu nyingine pembeni. Naye Dema alitajwa na Paulo katika Waraka kwa Wakolosai na katika ule kwa Filemoni kama mwenzake wa kazi. Kufika Waraka wa Pili kwa Timotheo, Paulo asikitika kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu huu.

Katika ndoa mambo huenda vivyo hivyo. Kwanza ni uongo mdogo juu ya mshahara. Kisha ni simu inayopokelewa nje ya nyumba. Sala ya jioni ya pamoja inaachwa, ati kwa uchovu. Kitubio kinasogezwa kutoka Kwaresima hadi Noeli, kutoka Noeli hadi Kwaresima nyingine. Halafu mtu anajitafutia sababu: "Wanaume wote wako hivyo," au, "Na yeye alinikosea kwanza." Mwishowe anamchukia yeyote anayemkumbusha, awe mkewe, awe paroko, awe mtoto wake mwenyewe. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na mara nyingi ukuta huo huporomoka juu ya watoto.

Kuanguka ni jambo moja, kukaa chini ni jingine

Hapa twataka kumwambia neno yule mnyofu anayetetemeka usiku. Si kila kosa ni dhambi ya mauti. Kanisa lafundisha kwamba sharti mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue wazi kwamba ni zito, na alitende kwa ridhaa kamili ya moyo wake. Hasira ya ghafla, neno kali lililokuponyoka, uvivu wa kusali siku moja, kwa kawaida haya ni makosa mepesi. Yanajeruhi upendo, hayauui. Yaombee msamaha kabla ya kulala, kwa Mungu na kwa mwenzako, kisha ulale.

Tena kuna udhaifu uliogeuka mazoea. Chukueni mfano wa waume wawili walevi. Wa kwanza amenaswa na pombe miaka mingi. Anaanguka, anaona haya, anakwenda kuungama, anatafuta msaada, anamkabidhi mkewe pesa ili zisimjaribu, anaanguka tena, anaamka tena. Wa pili anakunywa karo ya watoto, na akiambiwa hujibu, "Mimi ndivyo nilivyo, mkitaka ondokeni." Machoni pa majirani hawa wawili ni sawa. Machoni pa Mungu mmoja yumo vitani, na mwingine amekwisha kufanya mkataba na adui. Katekisimu yakubali kwamba mazoea na mengineyo yaweza kupunguza lawama ya mtu. Kile kisicho na dawa ni moyo unaokataa dawa.

Tazameni tofauti ya Sauli na Daudi. Sauli aliamriwa na Mungu, akaacha kutii: alimwacha hai mfalme Agagi na mifugo iliyonona. Daudi alizini na mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Kwa macho yetu, nani alitenda vibaya zaidi? Lakini Sauli alipokemewa na Samweli, kwanza alijitetea, akawatupia watu lawama. Na hata alipokiri, aliomba asiaibishwe mbele ya wazee. Daudi alipokemewa na Nathani, hakumtaja mwanamke, hakutaja vita wala uchovu. Alikiri mara moja kwamba amemkosea Bwana. Mmoja alilinda heshima yake, mwingine aliomba moyo mpya.

Wewe ni mlinzi wa wokovu wa mwenzako

Siku ya arusi yenu, padre alikuwa shahidi wa Kanisa. Ninyi wawili ndio mliopeana Sakramenti. Neema ya Ndoa mlipeana kwa kinywa chenu. Kwa hiyo mnapasa kusaidiana kufika mbinguni. Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 7, awakumbusha wana ndoa kwamba mmoja aweza kuwa njia ya kumwokoa mwenzake.

Mfano tunao hapa hapa Afrika. Mtakatifu Monika aliishi Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria. Mumewe Patricius hakuwa Mkristo, alikuwa mkali wa hasira, tena hakuwa mwaminifu. Mwanawe Augustino alieleza baadaye kwamba Monika hakumjibu mumewe wakati wa hasira. Alingoja atulie, ndipo akamweleza. Patricius alibatizwa kabla ya kufa. Augustino mwenyewe alipotea miaka mingi, akaishi na mwanamke bila ndoa na kuzaa naye mtoto. Mama yake alilia na kusali bila kukata tamaa. Augustino akabatizwa na Mtakatifu Ambrosi kule Milano, Pasaka ya mwaka 387, na Monika akafariki mwaka huohuo. Mwishoni mwa maisha yake Augustino aliandika kwamba kudumu hadi mwisho ni zawadi ya Mungu, nasi tuiombe kila siku. Je, ninyi huwa mnaiomba zawadi hiyo pamoja?

Lakini tusielewane vibaya. Uvumilivu wa Monika si amri kwa mke au mume kukaa chini ya mapigo. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1153, yamruhusu aliye hatarini, yeye au watoto wake, kutengana na mwenzake mpaka hatari iondoke. Kusamehe ni wajibu. Kuuawa si wajibu. Tena anayempiga mkewe, na hana nia ya kuacha, ajue kwamba yeye ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote nyumbani humo.

Njia ya kurudi nyumbani

Kama umejiona katika mistari hii, usikate tamaa wala usikawie.

Kwanza, tafiti dhamiri yako kila usiku, dakika tano tu. Hesabu makosa yako, ya mwenzako mwachie yeye.

Pili, nenda kuungama. Tangu Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, Kanisa limewaagiza waamini waungame angalau mara moja kwa mwaka, na leo sheria yataja hasa dhambi nzito. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Kama padre yuko mbali, mwombe Mungu majuto kamili, yaani kujuta kwa kumpenda yeye, pamoja na nia thabiti ya kuungama mapema iwezekanavyo. Kama wamwonea haya paroko wako, nenda parokia ya jirani.

Tatu, ukijua uko katika dhambi nzito, usipokee Komunyo kabla ya kuungama, lakini usiache Misa. Mgonjwa hasusii hospitali.

Nne, kata mzizi. Mwenye mwanamke au mwanamume wa kando amwache kweli, wala asibaki kumsalimia kwa simu. Na kama kuna mtoto aliyezaliwa huko, mtoto huyo hana kosa. Kuiacha dhambi si kumtelekeza mtoto. Ana haki ya chakula, karo na jina, na hayo yazungumzwe wazi na mke nyumbani, ingawa mazungumzo hayo yatauma.

Tano, wewe uliyekosewa, anza kusamehe kwa nia hata kama moyo bado unauma. Mtaje mwenzako kwa jina katika sala kila siku. Hisia hufuata nyuma, polepole.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

Ni ufa gani mdogo katika nyumba yetu ambao tumekuwa tukiupita bila kuuziba?

Mwenzangu anaponikosoa, mimi hujibu kama Sauli au kama Daudi?

Ni lini mara ya mwisho sisi wawili tulipokwenda kuungama? Je, twaweza kwenda Jumamosi hii?

Kuna deni gani la dinari mia moja ambalo bado namkabia koo mwenzangu?

Wapendwa, wokovu wetu ni kweli, na hatari ya kuupoteza ni kweli. Lakini maadamu mtu yu hai, mlango haujafungwa, na chakula kingali mezani. Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, mmoja wenu aanze kusema, "Nisamehe." Mwingine asichelewe kujibu. Mungu awabariki ninyi na watoto wenu.